Wizara ya Kujisaidia

Palikuwa na nchi, na bado ipo, maana nchi za aina hii hazina haraka ya kwenda popote. Jina lake silitaji. Yenyewe inajijua, nanyi mtaijua kwa harufu. Ilitawaliwa na Mtukufu Mlezi Mkuu, baba wa wote, aliyewapenda wananchi kama watoto wake wa kuzaa, na kwa sababu hiyo hakuwahi kuwauliza kitu.

Mwaka mmoja wafadhili walikunja mikono. Mlezi Mkuu akapanda jukwaani amevimba kwa hasira, akanguruma: "Mmezoea kunyoosha mikono kwa wageni! Sasa basi! Kuanzia leo kila mtu katika nchi hii, mkubwa kwa mdogo, ajisaidie!"

Uwanja mzima ukapiga makofi. Wachache, wale wenye utii uliopitiliza, walitazama huku na huku wakitafuta kichaka.

Kosa lilikuwa la neno. Palikuwa na neno jingine zuri tu, kujitegemea, lakini hilo lilikuwa la mtawala aliyetangulia, na vyote vya mtawala aliyetangulia vilikuwa vimepigwa marufuku: picha zake, daraja lake, mbwa wake na maneno yake. Mlezi Mkuu akachukua neno lililobaki. Baraza la Mawaziri likakaa kutwa nzima likijiuliza Mtukufu alikusudia kujisaidia kupi, huku au kule. Hakuna aliyethubutu kwenda kumwuliza, kwa kuwa kumwuliza mkubwa maana ya maneno yake ni sawa na kumwambia hayana maana. Wakaamua kushika maana ambayo kila mmoja wao aliijua kwa vitendo. "Wakubwa wengi tunaweza tayari," alisema waziri mmoja mzee, "ukiniondoa mimi siku za baridi. Sera na ianze kwa watoto."

Ndipo ilipozaliwa Wizara ya Kujisaidia, yenye Kurugenzi ya Haja Kubwa na Kurugenzi ya Haja Ndogo, na ndipo ulipoanza ugonjwa wa Bi Raya.

*

Bi Raya alikuwa mke wa Bwana Makame, Mkurugenzi wa Haja Ndogo. Ng'ambo ya ukuta, katika nyumba zilezile za serikali, aliishi Bwana Hamadi, Mkurugenzi wa Haja Kubwa, na mkewe ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Tausi. Vyeo vya waume zao vilikuwa sawa, magari yao sawa, hata mapazia waliletewa ya rangi moja. Lakini nani asiyejua tofauti ya kubwa na ndogo? Harusini mshereheshaji alipaza sauti, "Tunaye mke wa Haja Kubwa!" na ukumbi ukashangilia. Kisha akashusha kipaza sauti na kuongeza, "Pamoja na Haja Ndogo," kama mtu anayetaja kachumbari baada ya pilau.

Hayo Bi Raya angeyameza. Lisilomezeka lilikuwa jambo la watoto. Mtoto wa Mama Tausi, msichana mwenye mashavu ya andazi, alikuwa hajafika hata miaka miwili, na tayari alikuwa mkavu. Alikwenda kwenye poti mwenyewe, akakaa, akamaliza, akaita. Fumo, mwana wa Bi Raya, alikuwa amemzidi kwa mwaka mzima na alikuwa akilowana kuanzia asubuhi mpaka usingizini, kwa furaha kubwa, bila kinyongo na mtu.

Kamba za nguo ndizo zilizotoa siri. Kamba ya Bi Raya ilibeba nepi mwanzo hadi mwisho, zikipepea kama bendera za wageni wa kiserikali. Kamba ya Mama Tausi ilikuwa tupu, isipokuwa kanga moja tu, mpya, ambayo ilianikwa kila siku hata kama haikufuliwa, na kila siku iligeuzwa ili jina lake lisomeke upande wa jirani: UKAVU WETU WAKUWASHA NINI?

Bi Raya alilisoma jina hilo kila asubuhi kabla hata ya kupiga mswaki. Alikuwa na wivu, na wivu wenyewe haukuwa wa kuficha. Ulimkaa kooni kama mwiba wa changu. Alimchukia Mama Tausi, alimchukia Bwana Hamadi, na zipo nyakati alijikuta akimchukia mtoto wa mwaka mmoja na kitu kwa sababu ya kibofu chake. Hapo aliona haya kidogo. Kisha akachungulia tena ukutani, na haya zikamtoka.

*

Si kwamba Bi Raya hakujitahidi. Alifuata Mwongozo wa Wizara neno kwa neno. Mwongozo ulisema mtoto, kabla ya kujisaidia, aimbe wimbo wa taifa, ili tendo lile liwe la kizalendo. Lakini sheria nyingine, ya zamani zaidi, ilisema wimbo wa taifa hauimbwi mtu akiwa amekaa. Basi Fumo alisimama wima kando ya poti, mikono ubavuni, kidevu juu, akaimba. Wimbo ule una beti nyingi, kwa kuwa kila mwaka Mlezi Mkuu huongezewa ubeti wa kumsifu. Walipofika kwenye ubeti wa Mito na Mabonde, mto ulikuwa umekwisha kushuka bondeni.

"Fumo! Jamani, Fumo!"

"Tumalizie, mama," alisema Fumo, bado kidevu juu. "Bado ubeti wa ng'ombe."

Aliketishwa kwenye poti, akaambiwa shiii, shiii, akafunguliwa bomba ili asikie maji yakichuruzika. Alikaa. Alipenda sana kukaa pale. Alisimulia habari za paka, akahesabu vidole vya miguu kwa namba za kubuni, kisha akainuka, akaivaa poti kichwani kama kofia ya askari, akaenda nyuma ya mlango na kujimalizia huko kwa siri.

"Ukikojoa ndani ya poti, mama atakupigia nini?" Bi Raya alimwuliza kila siku.

"Makofi!"

"Na nini?"

"Vigelegele!" Fumo aliruka kwa furaha, macho yakimng'aa, maana hakuna alichokitamani duniani kama kupigiwa vigelegele na mama yake. Na palepale aliporuka, akalowana.

Bwana Makame alikuwa mtu mpole, aliyelala vizuri na kula vizuri, tabia ambazo mkewe alizihesabu kuwa usaliti.

"Mama Fumo, mwache mtoto," alisema. "Atajua tu siku yake ikifika. Mimi sijaona mtu anayepelekwa kuoa amevaa nepi. Haraka haraka haina baraka."

"Wewe umeridhika na ndogo," alijibu Bi Raya. "Ndiyo maana ukapewa ndogo."

Bwana Makame akaendelea kumenya chungwa lake.

*

Wakaguzi wa Ukavu walipita nyumba kwa nyumba wakiwapapasa watoto makalio kwa jina la serikali. Kwa Mama Tausi walipapasa, wakapiga saluti, wakagongelea kibao mlangoni: NYUMBA KAVU. Kwa Bi Raya mkaguzi mmoja alimpakata Fumo, akatulia kidogo, akamrudisha taratibu, na akaomba suruali nyingine.

Siku hiyohiyo ikatangazwa kwamba kiti cha Waziri wa Kujisaidia ki wazi, kwa kuwa yule mzee wa siku za baridi, aliyekuwa amepewa kiti hicho, alikuwa ameaibika kwenye mkutano wa kimataifa. Ikatangazwa pia kwamba kwenye Sherehe ya Kujisaidia mtoto mmoja tu atachaguliwa kuwa Mtoto wa Taifa, atakaa kwenye paja la Mlezi Mkuu hotuba nzima, mbele ya umma, bila nepi. Kila mtu alielewa bila kuambiwa: paja hilo ndilo litakalotoa waziri.

Mama Tausi alijitokeza ukutani jioni, kichwa na mabega, kanga begani.

"Hodi jirani! Umesikia, shoga yangu? Wamemchagua Tausi. Mimi nikawaambia, jamani, mbona watoto wako wengi? Mwangalieni na Fumo wa hapo jirani. Wakacheka! Wakacheka mpaka nikawahurumia."

"Hongera, shoga," alisema Bi Raya. Meno yalionekana, tabasamu halikuwapo.

"Usikate tamaa. Wengine huchelewa. Nilimsikia mmoja alichelewa mpaka akaenda na nepi chuo kikuu."

Bi Raya aliingia ndani, akajifungia jikoni, akalia kwa hasira juu ya kitunguu ambacho hakikuwa kimekatwa. Aliye juu mngoje chini, alijiambia. Lakini kungoja kulikuwa kumemchosha. Akili yake ikaanza kutafuta ngazi ya kuivuta.

*

Asubuhi ya sherehe alipeleka zawadi: tikiti maji kubwa, limekatwa vipande, limetolewa kokwa zote, tamu, baridi, limejaa maji kuliko kisima cha serikali. Akaongeza na jagi la juisi ya tikiti hilohilo.

"Mrembo asafishe koo," alisema. "Jua kali leo."

"Jamani!" Mama Tausi alishika kifua. "Na mimi niliyekuwa nadhani una kijicho!"

Tausi alikula kipande, akala kingine, akanywa, akaomba tena. Kisha akamwegemea Bi Raya magotini, akampaka juisi kwenye dera, akamwita "Mama Humo." Bi Raya alihisi kitu kikimchoma, karibu amnyang'anye kikombe. Karibu. Mlangoni pale kibao kilikuwa kimefutwa vumbi na kinang'aa. Akamjazia kikombe.

*

Uwanja ulifurika. Mlezi Mkuu aliketi kwenye kiti chake kirefu, suti nyeupe pe, kipaza sauti mkononi, na Tausi katika gauni la rangi za bendera kwenye paja lake la kulia. Bi Raya alikaa safu ya wake wa wakurugenzi, Fumo magotini, amemfunga nepi mbili moja juu ya nyingine. Hotuba ikaanza. Ilianza na historia ya dunia, ikashuka kwenye historia ya nchi, ikatua kwenye utoto wa Mlezi Mkuu mwenyewe, ambaye kwa ushahidi wa wasaidizi wake alizaliwa mkavu.

Bi Raya hakusikia neno. Alikuwa akimtazama Tausi. Aliona mtoto akibana miguu. Aliona akijipindapinda. Aliona akimtafuta mama yake kwa macho, midomo ikitetemeka, na Mama Tausi akimwashiria kwa kidole: tulia. Kisha aliona uso wa mtoto ukilegea.

Doa likaanza kwenye paja, dogo, la manjano hafifu. Likakua. Likashuka kwenye goti, likapita kwenye mkunjo wa suruali, likafika kwenye kiatu, na matone yakaanza kugonga ubao wa jukwaa, to, to, to, karibu kabisa na kipaza sauti alichokuwa amekishusha kando ya kiti, na uwanja mzima ukasikia.

Bendi iliyokuwa ikiisindikiza hotuba kwa chini ilikufa. Mkuu wa majeshi alishika mkanda wake bila kujua afanye nini nao. Mama Tausi alikuwa amesimama, uso umempauka kama mtu aliyepakwa majivu. Na moyo wa Bi Raya, nisiwafiche, ulikuwa ukicheza. Ulicheza ngoma zote, za harusini na za unyago. Alijikaza asicheke mpaka machozi yakamtoka.

Mlezi Mkuu akalitazama paja lake. Akautazama umma. Kila aliyekuwa pale akaanza kukumbuka dhambi zake.

"Wazee wetu," alisema hatimaye, polepole, "mtoto akikukojolea, walisema nini?"

Nani ajibu? Mawaziri walitazama viatu. Mwishowe msaidizi mmoja aliyekuwa na madeni kiasi cha kutojali kufa akasema kwa sauti ndogo, "Walisema ni baraka, Mtukufu."

"Baraka!" alinguruma Mlezi Mkuu, akasimama na Tausi mkononi, suruali ikimganda mguuni. "Nimebarikiwa! Tazameni! Mtoto huyu hakungoja poti ya mtu. Hakuomba, hakupanga foleni. Amejisaidia palepale alipokuwa! Ndicho nilichowaambia siku ile, nanyi mkanielewa vibaya!"

"Baraka! Baraka!" uwanja ukapasuka kwa shangwe. Waziri wa Fedha alimnyakua mtoto wa mtu asiyemjua, akamweka kichwani akimsihi ambariki.

*

Kabla hawajafika nyumbani redio ilikwisha kusema yote. Wizara ya Kujisaidia imevunjwa. Pameundwa Wizara ya Baraka. Poti zote zirejeshwe. Vibao vya NYUMBA KAVU ving'olewe, kwani ukavu umebainika kuwa ni uchoyo: mtoto mkavu ni mtoto anayelibania taifa baraka zake. Waziri wa Baraka, kuanzia leo, ni Bwana Hamadi, aliyekuwa Haja Kubwa.

"Lakini ule ulikuwa mkojo!" Bi Raya alimpigia mumewe kelele ndani ya gari. "Mkojo, Baba Fumo! Mkojo ni wa kurugenzi yako! Yeye Hamadi kaingilia wapi?"

"Ni kweli," alikiri Bwana Makame. "Kiutaratibu ulikuwa wangu." Akafikiri. "Ila sikuutaka sana."

Hawajavua viatu, Mama Tausi akaingia bila hodi, mikono imefunguliwa, akamkumbatia Bi Raya kwa nguvu.

"Shoga yangu! Wewe ndiye uliyetupa uwaziri! Lile tikiti lako! Nimemwambia mume wangu, huyu jirani tusimsahau maisha. Na sijakusahau. Jumapili Mtukufu anataka watoto wa kuwabariki mawaziri, na mmoja, tena wa kwanza, wa kukaa kwenye paja lake mwenyewe. Nimemtaja Fumo." Akacheka kwa upole, akambonyeza shavu Fumo. "Tausi hatuna uhakika naye, ile ilikuwa bahati tu. Lakini kwa Fumo, mwenyewe unajua, haikosekani."

Alipoondoka, Bi Raya alisimama katikati ya sebule, amepigwa butwaa. Kusaidiwa na Mama Tausi kulimwuma kuliko kushindwa naye. Lakini nyuma ya maumivu kulikuwa na kitu kinachong'aa. Fumo! Mtoto asiyejua ukavu kwa jina! Miaka yote hiyo alikuwa akimfokea, kumbe alikuwa akilea hazina. Jumapili Fumo angelowanisha paja la taifa, si kwa bahati bali kwa kipaji, na yule mwanamke angetazama. Bi Raya alicheka peke yake. Akazunguka nyumba akimwita. "Fumo! Baba! Njoo kwa mama!"

Fumo hakuitika. Mara alitokea koridoni, uchi kuanzia kiunoni kwenda chini, akitembea kwa hadhari ya mtu aliyebeba mayai. Nepi mbili alikuwa amezivua mwenyewe. Mikononi alishika poti, na ndani ya poti palikuwa na kitu kikichezacheza.

"Mama," alinong'ona, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa kubwa mno kusemwa kwa sauti. "Nimejisaidia."

Siku ile hakuna aliyemwimbisha wimbo, hakuna aliyemwambia shiii. Mama yake alikuwa amemsahau, na katika kusahauliwa huko alikuwa amejua. Akaiweka poti miguuni pa mama yake. Hakuna hata tone lililomwagika. Akarudi nyuma hatua moja, akasimama, akangoja.

Mikono ya Bi Raya iliinuka yenyewe. Mikono haina siasa. Kisha kutoka ng'ambo ya ukuta kikasikika kicheko cha mke wa waziri akiwapokea wageni, na magari yakipiga honi, na mikono ya Bi Raya ikashuka.

"Nani kakufundisha mambo haya?" alisema.

Fumo akatazama ndani ya poti, pengine amekosea kitu.

Bi Raya aliichukua poti, akaenda kuimwaga, akaitupa juu ya kabati. Akaleta nepi, akamfunga. Akaleta maji, kikombe baada ya kikombe, akamnywesha kwa kumbembeleza. Kisha akamsimamisha katikati ya sebule, akachuchumaa mbele yake, akamshika mabega.

"Haya, baba. Hapahapa."

"Poti, mama."

"Poti imekwenda kwao. Hapahapa ulipo. Shiii."

Fumo alibana miguu. Alikuwa amelijua leo tu, na mtu akijua jambo jipya hulishika kwa mikono miwili. Alibana mpaka magoti yakagongana, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Mama, poti," alisema tena, na tena, na kila aliposema sauti ilizidi kuwa nyembamba. Bwana Makame alikuja mpaka mlangoni, chungwa mkononi. "Raya," alisema. Hakumwita Mama Fumo. "Raya, mwache." Bi Raya hakugeuka. "Shiii," alisema kwa upole, "shiii, baba, shiii," na kutoka kwa jirani ngoma ikaanza kupigwa.

Mwisho mtoto alishindwa. Yalimtoka yote, nepi ikajaa, yakamchuruzika mapajani mpaka kwenye vidole vile alivyokuwa akivihesabu. Na Fumo, aliyelowana maisha yake yote huku akiimba, akainamisha kichwa, akajifunika uso kwa mikono miwili na kulia kwa aibu.

Bi Raya akampigia makofi. Kisha akapiga vigelegele, kwa nguvu zake zote, vifike ng'ambo ya ukuta.